Thika Ilituma Kikumbusho Pale Palipohitaji Swali

Jaribio la MPYA lilipotea kabla msichana wa kwanza hajapokea ujumbe. Lilipotea siku itifaki ilipoamua kwamba kazi ya simu ni kukumbusha. Mliofuatilia mnajua lilivyokwisha: wanawake 348 wa miaka 18 hadi 24, Thika na Kisumu, walipewa PrEP, dawa ya kujikinga na VVU, ya kumeza kila siku na kufuatwa kwa miezi 24, dawa ikiwa ndani ya chupa yenye kifaa kinachorekodi kila inapofunguliwa. Kundi moja lilitumiwa SMS, jingine halikutumiwa. Yote mawili yakaishia kwenye ufuasi wa dawa wa takriban asilimia 27. Jarida la The Lancet HIV lilichapisha matokeo mwaka 2021, na tangu hapo nimechoka kuyasikia yakisomwa kama ushahidi kwamba simu haiwezi kumsaidia msichana wa Thika. Simu haikujaribiwa. Kilichojaribiwa ni kengele.

Nayarudia leo kwa sababu kila anayepanga kuwafikia kwa simu wagonjwa wa msongo wa mawazo katika vituo vya afya vya Thika na Ruiru anapita mlango huo huo. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inaitambua tiba ya mbali. Wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walipewa simu serikali ilipowazindua Septemba 2023. Vyombo vipo. Lakini kosa la Thika linaweza kurudiwa kwa vyombo bora zaidi.

Tazameni ujumbe ulivyopangwa. Walioangukia kundi la SMS walianza na ujumbe wa kila siku. Baada ya kipindi cha mwanzo waliruhusiwa kubadilisha, wapate ujumbe pale tu chupa isipofunguliwa. Kiufundi ni kazi safi: kifaa kinatuma ishara kwa mtandao wa simu, seva inaisoma, ujumbe unatoka. Pongezi kwa waliobuni hilo.

Lakini mpango mzima umejengwa juu ya dhana moja, kwamba asiyemeza kidonge amesahau. Mfikirieni msichana wa miaka 19 anayelala chumba kimoja na dada zake huko Makongeni, Thika, vidonge vikigongana ndani ya chupa kila anapoinua mkoba kushuka kwenye matatu. Huyo hajasahau kitu. Anakumbuka kwamba mama akiiona chupa atadhani ni ARV, dawa za mwenye VVU. Anakumbuka kwamba mpenzi wake akiiona atataka kujua anajikinga dhidi ya nani. Anakumbuka pia kwamba huyo mpenzi wameachana, na hajui kama mwezi huu ana haja ya kidonge au hana. Ukimtumia SMS ya kumkumbusha dawa, umemwambia jambo analolijua, saa ambayo hawezi kulifanyia lolote.

Sasa njooni kwenye kile kinachoniudhi zaidi. Chupa ile ilikuwa inazungumza. Msichana akiacha kuifungua siku tatu, siku tano, wiki nzima, mtambo ulijua kabla ya nesi, kabla ya mshauri, pengine kabla ya msichana mwenyewe kukubali kwamba ameacha. Wenye kliniki za msongo wa mawazo wangetamani sana kupata habari ya aina hiyo. Mgonjwa anayezama huanza kwa kunyamaza: haji kliniki, hapokei simu, hatumii dawa. Kimya chake ndicho dalili ya kwanza, na kwa kawaida tunaipata imechelewa kwa miezi, kadi yake ikiwa tayari imehamishiwa kwenye rundo la walioacha. Thika ilikuwa na dalili hiyo siku hiyo hiyo, mkononi, kwa kila mshiriki. Ikaitumia kutuma kikumbusho. Hapo palihitajika mtu wa kupiga simu na kuuliza kuna nini nyumbani. Ndiyo, chupa isiyofunguliwa inaweza kumaanisha amesafiri, au amemwaga vidonge mfukoni ili chupa isimwumbue. Hata hayo yangejulikana kwa simu ya dakika mbili.

Wala waandalizi wa MPYA hawakuhitaji kwenda mbali kujifunza. Mwaka 2011 matokeo ya kituo cha afya cha Chulaimbo, upande wa Nyanza, yalikwisha kuonyesha jambo ambalo lingewazuia watu kuandika maneno "kila siku" kwenye itifaki yoyote. Wagonjwa wa ARV waliopata ujumbe mara moja kwa wiki walifanya vizuri zaidi: asilimia 53 walifikia ufuasi wa angalau asilimia 90, dhidi ya asilimia 40 ya wasiopata ujumbe. Waliopata ujumbe kila siku hawakufaidika. Kinachokuja kila siku hugeuka kelele ya simu, pamoja na za mikopo na kamari. Hayo yalikuwa yamechapishwa, yametoka Kenya hii hii, miaka kadhaa kabla ya msichana wa kwanza wa Thika kuandikishwa.

Na kabla ya Chulaimbo kulikuwa na WelTel. Wasomaji wangu wa zamani watasema nimeanza tena. Nimeanza tena, na nitaendelea mpaka mtu anionyeshe kazi ya simu iliyofanywa vizuri zaidi ya ile nchini mwetu. Wagonjwa 538 walioanza ARV katika kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado; 273 kati yao waliwekwa kundi la ujumbe. Kila wiki simu ililia kwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, kwa "Sawa" au kwa "Shida". Aliyejibu shida alipigiwa na nesi. Asiyejibu kabisa alipigiwa pia. Basi. Ujumbe haukutaja dawa, haukutaja VVU, haukutaja kliniki. Dada angeusoma, mume angeusoma, na siri ingebaki salama. Matokeo ya mwaka 2010: asilimia 62 waliripoti ufuasi mzuri dhidi ya 50, na virusi vilifubazwa kwa asilimia 57 ya wagonjwa dhidi ya 48.

Angalieni mahali uzito ulipowekwa. Kimya kilihesabiwa kuwa jibu, na jibu hilo lilikuwa na mtu wa kulishughulikia. Kwa kuwa wengi walikuwa sawa wiki nyingi, nesi hakupiga simu kwa wote. Alipiga kwa wachache waliomhitaji. Simu ilichuja, binadamu akatibu. Simu zenyewe zilikuwa za vitufe, bila programu wala dashibodi. Thika ilikuja zaidi ya miaka mitano baadaye na chupa yenye mtambo, ikaondoa kile kilichofanya ya zamani ifaulu.

Watetezi wa MPYA wana jibu, nami nalijua. Watasema jaribio la nasibu hujaribu kitu kimoja kwa wakati. Ukiongeza nesi hutajua kama kilichosaidia ni ujumbe au nesi. Hoja hiyo ni nzuri darasani. Swali ambalo kaunti zilitaka kujibiwa lilikuwa namna ya kumshika mkono msichana asiyeweza kuja kliniki kila wiki, na kwa swali hilo nesi ni sehemu ya dawa yenyewe. Watasema pia washiriki walipata ushauri walipofika kliniki. Walipata. Lakini kati ya ziara moja na nyingine ndimo maisha yalimokuwa yakiendelea, na humo walikuwa na SMS peke yake.

Watasema tena kwamba wasichana wa miaka 18 si wagonjwa wa ARV: mgonjwa anameza ili abaki na afya, msichana anameza akiwa mzima. Hilo nalikubali kabisa, na linaniongezea hoja. Asiyeumwa ana sababu nyingi zaidi za kuacha, kwa hiyo ana mambo mengi zaidi ya kuulizwa.

Thika yenyewe ilikuwa na mashujaa wa kazi hii. Jaribio la Partners PrEP, lililofuatilia jozi 4,747 za wanandoa Kenya na Uganda ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, lilikuwa na kituo chake mjini humo. Mwaka 2011 kundi la dawa bandia lilisitishwa kabla ya wakati kwa sababu dawa ilikuwa imeonekana wazi kukinga: asilimia 75 kwa mchanganyiko wa dawa mbili, 67 kwa ile moja. Nyuma ya takwimu hizo kulikuwa na washauri waliokaa na wanandoa hao mwezi baada ya mwezi wakiwauliza habari za ndoa, pombe, uzazi na woga. Nakiri mume na mke wanaojua hatari iliyo kitandani mwao wana msukumo ambao msichana wa mtaa wa Kiandutu, Thika, hana. Lakini ujuzi wa kuuliza ulikuwepo mji ule ule. Kuuhamishia kwenye simu ingekuwa kazi ya kimantiki baada ya hapo.

Nisogee Ruiru, kwenye msongo wa mawazo wenyewe. Chombo kinachopendwa ni PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na kwa maswali manane ya kwanza sina ugomvi na kuyapeleka kwa simu. La tisa linauliza kama mtu amewaza kufa au kujidhuru. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai katika nchi hii. Kwa miaka yote hiyo tulimtaka mama wa Githurai aandike kwenye simu, pengine simu ya mumewe, jambo lililo jirani kabisa na kosa hilo, kisha tukashangaa alipojaza sufuri. Hukumu imetoka, hofu haijatoka. Na hata akijaza ukweli, nani anausoma saa tatu usiku? Swali la tisa lisitumwe popote ambapo hakuna mtu wa zamu wa kulipokea.

Zuri angalau aliuliza. Huyo ni msaidizi wa maandishi aliyejaribiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke kwa wajawazito na mama waliojifungua karibuni wa hospitali za umma nje ya Nairobi, akiendeshwa na programu ya Tess ya Marekani. Zaidi ya wanawake 600 walialikwa, 41 wakaandikishwa. Mazungumzo ya kweli kwa SMS, saa yoyote mama apendayo, ni hatua mbele ya kikumbusho. Ila upungufu kutoka mia sita hadi arobaini na moja ungepaswa kuwashtua waandalizi kuliko ulivyowashtua, na mashine iliyobaki peke yake na mama aliyekata tamaa ni deni ambalo mtu lazima alilipe. Shirika la Jacaranda Health, kwa huduma yake ya ujumbe ya PROMPTS, limepanga sawasawa: mashine inapanga maswali ya mama kwa uzito wake, na dawati la wahudumu wenye mafunzo ya tiba linayashughulikia. Nayo PM+ ya Shirika la Afya Duniani, vikao vitano vinavyoongozwa na wahudumu wa jamii, ilipunguza dhiki kwa wanawake katika jaribio la watu 421 kwenye vitongoji vya Nairobi. Vikao vitano vinaingia kwenye simu bila shida, mradi kuna mtu wa kuvifanya.

Mtu huyo ndiye tunayekataa kumlipa. Mhamasishaji wa afya anaahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, na kutoka hapo tunamtarajia apige simu kwa mfuko wake. Madaktari wa Kiambu walikuwa katika mgomo kwa takriban miezi mitano mwaka 2025. Mfumo wowote wa mbali uliojengwa juu ya vikumbusho ungeendelea kutuma "usisahau kliniki yako" kwa wagonjwa ambao hawana daktari wa kumwona. Miradi hii ya simu inatangaza idadi ya ujumbe uliotumwa. Sijaona unaotangaza idadi ya simu zilizopigwa na muda uliopita kati ya "Shida" na sauti ya nesi. Hilo ndilo lingenionyesha kama kuna huduma.

Kwa hiyo itifaki ijayo ya Thika na Ruiru iwe na makundi matatu: wanaokumbushwa, wanaoulizwa mara moja kwa wiki bila dawa kutajwa, na wanaoulizwa kisha nesi akapiga kwa kila shida na kila kimya ndani ya saa 48. Wafanyakazi wa zamu za usiku kwenye viwanda vya Thika waulizwe saa zao wenyewe za kupigiwa. Swali kuhusu kujidhuru liulizwe kwa sauti, na mtu aliyefunzwa, kwenye namba ambayo mgonjwa mwenyewe amesema ni salama. Na bajeti ya muda wa maongezi wa nesi iandikwe kwanza, kabla ya ile ya seva.