Jina Moja, Maghala Mawili: Mahakama Huangalia Nini?

Wafanyabiashara wawili wanapogombea jina moja, hatua ya kwanza karibu kila mara huwa ni kuoneshana vyeti. Kila mmoja anatoa karatasi yake ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na mwenye tarehe ya zamani anaamini kesi imekwisha. Haijaisha. Cheti kinachotolewa chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, kazi yake kubwa ni kuujulisha umma nani yuko nyuma ya jina lililoandikwa kwenye bango. Hakimpi mtu umiliki wa jina hilo. Ninachodai hapa ni kwamba migogoro ya aina hii huamuliwa na kilichomo kichwani mwa mnunuzi, na kwamba mji kama Nzega, ambako barabara ya Singida inakutana na za Tabora na Shinyanga na mizigo ya kila upande inapita, ni mahali pazuri pa kuliona hilo.

Unyamwezi, eneo ambalo Nzega imo, ililiona jambo hili mapema. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, na ile iliyopanda kaskazini kuelekea ziwani, ilibeba merikani, yaani shuka za pamba zisizopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, kikiwemo cha Naumkeag kule Salem. Hongo na posho za wapagazi zilihesabiwa kwa doti za kitambaa hicho. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata ugavi, na washindani wakaingia na vitambaa vyao. Kufikia mwisho wa karne hiyo viwanda vya Bombay vilikuwa vimeshika soko, na kitambaa chao nacho kikaitwa merikani. Wamarekani hawakuwa na la kufanya. Mnunuzi alikuwa amekwisha kulitenga jina na kiwanda. Kwake lilikuwa aina ya kitambaa, na aina ya kitu haina mwenyewe.

Sheria ya leo Tanzania Bara ina njia mbili. Ya kwanza ni alama ya biashara iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, inayolinda kwa miaka 7 na kuhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Mwenye alama hiyo halazimiki kuthibitisha umaarufu wake kwanza. Ya pili ni madai ya kanuni za kimahakama tulizozipokea kutoka Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920: usiuze mali yako kana kwamba ni ya mwenzako. Hapo mdai anatakiwa kuonesha mambo matatu: kwamba jina au mwonekano wa bidhaa umejengeka kwa wateja, kwamba mdaiwa anawapotosha wateja hao, na kwamba upotoshaji huo unamletea hasara. Wengi wetu hatuna alama iliyosajiliwa, kwa hiyo hii ya pili ndiyo njia tuliyonayo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga anauza mchele kwenye magunia ya kilo 25, maandishi ya kijani, mdomo umeshonwa kwa uzi mwekundu, na jina lake limezoeleka kwa wachuuzi. Jirani anafungua mashine na kuanza kuuza kwa jina linalokaribiana na lile, maandishi ya kijani, uzi mwekundu. Mdai akienda na cheti peke yake, wakili wa upande wa pili atamuuliza swali moja tu: nani amechanganyikiwa? Jibu analipata kwenye risiti za EFD zinazoonesha miaka ya mauzo, kwa mchuuzi aliyerudisha gunia akilalamikia chenga ambazo hazikutoka kwenye mashine hiyo, na kwa dereva aliyeshusha mzigo ghala lisilo lake. Katika kesi ya Uingereza ya Jif, maji ya limau yaliyouzwa ndani ya chupa ya plastiki yenye umbo la limau, iliyoamuliwa na Baraza la Malordi mwaka 1990, ushahidi wenye uzito ulitoka kwa wanunuzi wa dukani, waliochukua limau ya mshindani wakidhani ni Jif ingawa kibandiko kilisema vingine. Watu hawakusoma, walitazama umbo.

Mtu anaweza kupinga kwamba hapa tunamtuza aliyetangulia tu, hata kama anayekuja nyuma ni mwaminifu. Si lazima. Budweiser ya Wamarekani na ile ya Wacheki ziliuzwa pamoja Uingereza karibu miaka 30, na mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikubali kwamba zinaweza kuendelea kuishi bega kwa bega, kwa kuwa wanywaji walikwisha kujua kuzitofautisha kwa ladha, bei na mwonekano. Kipimo ni kilekile cha kichwa cha mnunuzi, ila safari hii kimewaacha wote wawili. Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, ulinzi huu hautampa mjanja nafasi ya kufungia maneno ya watu wote? Jaribio lilifanyika. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno KIKOY kama alama yake; wafanyabiashara wa Kenya na watetezi wa biashara ya haki wakapinga, na ombi likaachwa. Hata kwetu ombi hutangazwa kwanza, na yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Tatizo ni kwamba mkoboaji wa Nzega hasomi jarida la alama za biashara, na hilo sina namna ya kulitetea.

Jina la Nzega lenyewe linabaki nje ya ugomvi huu. Linataja mahali mchele ulikotoka, na kila anayekoboa pale ana haki ya kulisema. Ulinzi unaweza kuhusu neno ambalo mfanyabiashara amelibuni, mchoro wake, au rangi na uzi wake, mradi alete mashahidi wanaomtambua kwa vitu hivyo. Na hata akiwa na alama iliyosajiliwa Bara, alama hiyo haivuki bahari: Zanzibar ina sheria na daftari lake, na gunia lile lile likishuka bandarini Malindi linahitaji usajili mwingine.