Asilimia 34.7 peke yake haitoshi: tuisome upya Gender Shades

Kama unasoma sera za teknolojia na akili mnemba, na umeshafika hatua ya kuandika tasnifu, bila shaka Gender Shades ya Joy Buolamwini na Timnit Gebru (2018) imo kwenye sura yako ya pili. Na namba uliyonukuu naijua: 34.7. Hebu tuisome tena, safari hii kwa jicho la mkosoaji.

Kwanza tuipe haki yake. Kazi hii ilianza kama tasnifu ya uzamili ya Buolamwini pale MIT mwaka 2017, kwa hiyo usikubali ukiambiwa eti tasnifu zetu huishia kabatini. Waandishi walikusanya picha za wabunge 1,270 kutoka Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Ufini, Aislandi na Uswidi, wakazipitisha kwenye programu za Microsoft, IBM na Face++ zinazokisia kama uso ni wa mwanamke au mwanamume. Kwa wastani mambo yalionekana shwari. Programu ya IBM ilipatia karibu asilimia 88. Lakini walipougawa wastani huo kwa jinsia na rangi ya ngozi, picha ikabadilika kabisa: kwa wanaume wenye ngozi nyeupe ilikosea asilimia 0.3 tu, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi 34.7. Yaani karibu mmoja kati ya kila watatu. Somo hilo la kuuvunja wastani ndilo lililoipa makala hii uzito, na bado linatufaa.

Sasa tuje kwenye matatizo. Wengi tunaitumia kuthibitisha jambo ambalo haikulipima. Yenyewe ilipima kukisia jinsia. Haikupima utambuzi, yaani mashine kusema "huyu ni fulani", na polisi wanatumia hiyo ya pili. Ukitaka ushahidi wa utambuzi, fungua ripoti ya Desemba 2019 ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliyopima algoriti 189. Humo kuna jambo linalotugusa sisi wenyewe: kosa la kuwaona watu wawili tofauti kuwa ni mtu mmoja lilikuwa juu zaidi kwa nyuso za watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki.

Tatizo la pili liko ndani ya makala yenyewe. Inaipokea kazi ya kukisia jinsia kama ilivyo, kisha inauliza tu inafanywa vizuri kiasi gani. Ukisema ugonjwa ni asilimia ya makosa, dawa inakuwa kuboresha mashine, basi. Na ziliboreshwa kweli: Deborah Raji na Buolamwini walipopima tena, wakachapisha 2019, makosa ya kampuni zile tatu yalikuwa yameshuka sana. Ni mafanikio, sibishi. Lakini nani aliomba mashine imkisie jinsia yake? Juni 2022 Microsoft wenyewe walitangaza kuiondoa huduma hiyo.

Angalia kisa cha Robert Williams wa Detroit. Januari 2020 polisi walimkamata kwa wizi ambao hakuufanya, baada ya programu kumfananisha na mtu aliyeonekana kwenye kamera ya duka. Akalala mahabusu. Kesi yake ilipomalizwa kwa makubaliano mwaka 2024, polisi wa jiji hilo walizuiwa kumkamata mtu kwa matokeo ya programu pekee. Kanuni hiyo inabana matumizi ya jibu la mashine, hata kama mashine ni nzuri. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 kina mwelekeo huohuo: una haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake.

Kwa hiyo Gender Shades usiifute. Iache kwenye sehemu ya mbinu za upimaji, huko ina nguvu zake zote. Ila usiibebeshe hitimisho lako la sera, maana itaelemewa. Siku ya utetezi mtahini anaweza kukuuliza: "Na mashine ikipatia asilimia 100 kwa kila rangi ya ngozi, utawaruhusu polisi waitumie?" Jibu la swali hilo hulipati kwenye jedwali la makosa. Anza kuliandika sasa, kabla hujakabidhi.