Makamanda Mbioni na Askari Wao

Mchakamchaka ni mbio za pamoja, kwa hatua zinazolingana na nyimbo za chenja. Katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1, 1964, zoezi hili ni sehemu ya maisha ya kikosi, na heshima yake huongezeka pale makamanda wanapokimbia bega kwa bega na askari wao.

Alfajiri askari hujipanga kwa safu. Mwimbishaji hutoa mstari, wengine huupokea, na kishindo cha miguu hufuata mapigo ya wimbo. Kamanda aliyevaa fulana kama ya koplo hupanda kilima kilekile na kutokwa na jasho lilelile.

Faida za kamanda kukimbia na askari wake ni tatu. Kwanza, kiongozi hupima mwenyewe hali ya kikosi: huona nani anachechemea, nani anaachwa nyuma, na kama kasi iliyowekwa inahimilika. Pili, amri yake hupata uzito, kwa kuwa hamtaki askari afanye asichokifanya yeye. Tatu, hulinda afya yake, maana vyeo vya juu huja na kazi nyingi za mezani. Nidhamu nayo haipungui. Mazoezi yakiisha, saluti hupigwa kama kawaida na kila mtu hubaki na cheo chake.

Maafisa wanaoidumisha desturi hii wanastahili pongezi za dhati. Kamanda anayetangulia mazoezini hujenga kikosi kitakachomfuata hata penye hatari.