Sura Iliyopita Mikono Miwili

Taswira ya Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja na Omani, aliyefika New York kwa merikebu ya Sultana tarehe 30 Aprili 1840, ilichorwa na Edward Mooney mwaka huohuo, wakati ugunduzi wa Daguerre wa kupiga picha ulikuwa umetangazwa mwaka uliotangulia tu. Na kwa kuwa mchoro wenyewe umehifadhiwa Makumbusho ya Peabody Essex, Salem, wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, wa pwani kwa wa milimani, wameujua uso huo kwa nakala tu.

Mchoraji husifiwa, mnakili husahauliwa. Hata hivyo, katika zama za kolodioni, yaani kemikali ya kunata iliyopakwa juu ya kioo na kutumiwa ingali mbichi, kunakili mchoro kwa kamera kulidai subira kama ya waandishi wa Siyu walionakili misahafu. Mchoro haukupepesa jicho wala kuchoka kukaa, lakini ulikuwa na hila zake: vanishi, ule mng'ao unaokinga rangi, uliurudisha mwanga kwenye lenzi, hivyo fundi aliuleta mwanga kutoka pembeni, na kwa kuwa kolodioni iliiona buluu ikawa karibu kipofu kwa nyekundu, joho jekundu liligeuka jeusi na anga ikawa nyeupe kama karatasi. Fundi mwema aliyajua hayo kabla ya kufungua lenzi, akakadiria muda, kisha akakirekebisha kioo kwa ncha ya penseli, akijizuia asiongeze hata unywele ambao mchoraji hakuuweka.

Milimani nako, huko Upare, kumbukumbu ya wahenga haikutegemea mchoro. Mafuvu yao yalitunzwa katika mpungi, yaani vichaka vitakatifu vya ukoo, na kwa watu waliohifadhi kichwa chenyewe, nakala ya uso haikuweza kuwa jambo la mzaha. Pengine ndiyo sababu picha ya babu, iliyokuzwa studio kutoka picha ndogo ya pasipoti, ilipewa mahali pa heshima ukutani, kutoka Same mjini hadi Usangi. Siku hizi picha hiyo hunakiliwa kwa simu bila hata kutolewa kwenye fremu, na juu ya paji la babu hubaki dirisha, taa ya sebule na kivuli cha mikono iliyoshika simu.