Nguvu Ipi? Uhakiki wa Istilahi katika Tafsiri ya Somo la Injini

Mezani kwangu imefika tafsiri ya kurasa kumi na mbili, iliyokusudiwa mafundi wanafunzi, inayoeleza namna ya kuongeza nguvu za injini ya gari la michezo Datsun 240Z baada ya injini hiyo kushushwa, kufunguliwa na kufungwa upya. Gari hili si geni Afrika Mashariki. Ndilo lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Na tangu yaanzishwe mashindano ya Safari ya magari ya zamani mwaka 2003, magari ya rika lake yamerudi katika barabara zetu za vumbi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba somo hili ni anasa ya watu wa mbali.

Mfasiri, ambaye sitamtaja, ni mjuzi wa Kiswahili. Sentensi zake zinasomeka bila kukwama, na hilo ndilo linaloficha kasoro yake. Neno *nguvu* amelibebesha mizigo isiyobebeka pamoja. Msomaji na aitazame sentensi hii ya ukurasa wa tatu: "Baada ya mizunguko 4,400 kwa dakika nguvu hupungua, lakini nguvu huendelea kuongezeka hadi mizunguko 5,600." Mwanafunzi afanye nini na sentensi kama hiyo? Akiwa mtiifu ataikariri; akiwa na akili ataitupa.

Na hali mambo yanayosemwa ni ya kweli. Injini hiyo, kwa hesabu za mtengenezaji zilizotolewa kwa soko la Marekani, ilikuwa na kani ya kuzungusha ya nyutonimita 198 hivi katika mizunguko 4,400. Ukizidisha kani hiyo kwa mwendo wa mzunguko utapata nguvu za farasi zipatazo 122. Katika mizunguko 5,600 kani imeshuka hadi nyutonimita 192 hivi, lakini kwa kuwa krenki inazunguka kwa kasi zaidi, nguvu zimefika farasi 151. Kimoja kimepungua, kingine kimeongezeka. Ustadi wote wa kuongeza nguvu za injini ya zamani umo katika tofauti hii: ama unaongeza kani katika kila mzunguko, ama unaiwezesha injini kupumua vizuri katika mizunguko mingi zaidi. Asiyekuwa na maneno mawili hawezi kumweleza mwanafunzi achague lipi.

Hatuna sababu ya kuwa maskini hapa. *Kani* na *nishati* yamekwisha kuzoeleka katika masomo ya sayansi, na *kanieneo* ni neno ninalolipenda kwa namna ya pekee, kwa maana linabeba maelezo yake lenyewe: kani juu ya eneo. Napendekeza basi *nguvu* libakie kwa kile kinachohesabiwa kwa farasi au kwa wati, kama fundi wa kawaida anavyolitumia tayari, na kile kinachoisukuma krenki izunguke kiitwe *kani ya kuzungusha*. Mwanafizikia atapinga kwamba hiyo si kani tupu bali ni kani iliyozidishwa kwa umbali, na ana haki. Lakini *msokoto*, neno ambalo wengine hulipendekeza, lina hatari kubwa zaidi: kinachosokotwa ni nguo inayokamuliwa maji, na shafti inayosokotwa hivyo iko karibu kukatika.

Hata farasi wenyewe hawalingani. Farasi wa Kiingereza ni wati 746 hivi. Yule wa vipimo vya metriki, atumiwaye na Wajapani, ni wati 735.5. Zaidi ya hapo, zile nguvu 151 zilikuwa *ghafi*, yaani zilipimwa injini ikiwa juu ya meza ya majaribio, bila kubeba vifaa vyote inavyobeba ndani ya gari. Watengenezaji wa Marekani waliuacha utaratibu huo kuanzia magari ya mwaka 1972. Mtumishi wa serikali hahitaji kufundishwa tofauti ya mshahara ghafi na ule unaomfikia mkononi, na neno hilo lingefaa kabisa. Mfasiri ameliacha, na fundi atakayeipima leo injini aliyoifunga vema atadhani ameiharibu.

Mengine nitayapita upesi. "Injini iliyoundwa upya" ni injini iliyobuniwa upya. Gereji husema *iliyofungwa upya*, nao wamesema sawa. Kuchonga silinda kutoka milimita 83 hadi 84 huongeza ujazo kutoka sentimita za ujazo 2,393 hadi 2,451 tu. Kazi yake ni kurudisha mduara uliolika, wala si kuongeza nguvu kama tafsiri inavyoahidi. "Kamshafti ya muda mrefu" itamfanya msomaji afikirie uimara wake, hali kinachopimwa ni nyuzi ambazo krenki huzunguka vali ikiwa wazi. "Mgandamizo wa 10" ni hatari, kwa sababu gereji hupima mgandamizo kwa geji, kwa ratili. Kinachokusudiwa ni *uwiano wa mgandamizo*, 10 kwa 1, na neno *uwiano* lisiachwe hata mara moja.

Nimeliweka mwisho neno linaloweza kugharimu pistoni. Uwiano ukipandishwa na petroli ikawa hafifu, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na mwali uliowashwa na plagi. Mlio huo ni onyo. Tafsiri inasema: "Injini ikinoki, rudisha nyuma cheche." Lakini katika gereji zetu *injini imenoki* maana yake imekwisha kufa, na bei ya nyingine inaulizwa. Fundi atacheka, aseme mwandishi anatibu maiti, kisha aendelee kukanyaga mafuta huku mlio ukiendelea. Mafunzo yanaanza mwezi ujao, na onyo hilo limo katika ukurasa wa kumi na moja. Ningeliandika hivi: "Ukisikia injini inagonga mithili ya kokoto ndani ya kopo, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja, kisha chelewesha cheche kwa nyuzi 2, na ujaribu tena."