Swinburne na Mji Uliomezwa na Bahari

Katika shairi lake refu "By the North Sea" (1880), Algernon Swinburne anaililia Dunwich, bandari ya Suffolk iliyovunjwa na tufani ya 1286 na nyingine zilizofuata, leo kijiji tu. Mizani yake huenda kama mawimbi, nayo makaburi yamong'onyokayo hakuyabuni: kanisa la All Saints liliporomokea baharini kipande kwa kipande kati ya 1904 na 1919.

Ila kuiona nchi ile imechoka, na maua ya kinamasi chake tasa, ni kuidhulumu. Minsmere, jirani yake, ilifurikishwa mwaka 1940 kuwazuia Wajerumani. Mwaka 1947 ndege weupe wenye mabaka meusi, midomo imepinda juu, wakarejea kutaga. Maji yaleyale! Mshairi aliyasikia yakibomoa tu.