Mikono Inayomtafuta Asiyekuwepo: Uhakiki wa Chapa ya Sharaku ya Mwaka 1794

Makala haya yanahakiki chapa ya ubao ya Tōshūsai Sharaku inayomwonesha mwigizaji wa kabuki Ōtani Oniji III katika uhusika wa mtumishi Edobei. Chapa hiyo ilitolewa na mchapishaji Tsutaya Jūzaburō jijini Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1794, kutokana na tamthilia ya Koi nyōbō somewake tazuna.

Imezoeleka kuisoma chapa hii kama picha ya sura. Usomaji huo una mashiko: mandharinyuma ni ulanga mweusi mtupu, bila jukwaa wala pambo, na jicho huvutwa usoni. Hata hivyo, kiini chake ni mikono. Imechomoza kifuani mwa vazi, vidole vimetanuka, midogo kuliko kichwa kinavyodai. Kwa kipimo cha maumbile, hiyo ni kasoro. Kwa kipimo cha kabuki, ambamo mwigizaji huganda katika kilele cha tukio kwa mkao uitwao mie, ni kitendo kilichosimamishwa kabla ya kutimia.

Kitendo hicho ni uporaji. Edobei yu tayari kumvamia Ippei na kumnyang'anya fedha, lakini Ippei hayumo pichani. Sharaku alimchora katika karatasi nyingine, akiigizwa na Ichikawa Omezō I, ameushika upanga. Kila chapa ni nusu ya tukio moja.

Inaweza kupingwa kwamba chapa hizi ziliuzwa mojamoja, na shabiki wa Oniji aliweza kununua ya kwake tu. Ni kweli, lakini shabiki huyo aliijua tamthilia, akamkamilisha Ippei kwa kumbukumbu. Mtazamaji wa leo hana kumbukumbu hiyo. Chapa ya Edobei inapotundikwa au kuwekwa vitabuni peke yake, pambano la watu wawili hugeuka kuwa sura ya jambazi mmoja, na mikono hubaki kichekesho.

Sharaku alifanya kazi kwa takribani miezi 10 tu, na mjadala kuhusu yeye alikuwa nani umechukua nafasi kubwa ya uhakiki. Makala haya yanapendekeza swali lianzie kwingine: alichora tukio gani? Kwa makumbusho na wakuza mitaala, jibu lina gharama ndogo: chapa mbili zioneshwe pamoja, au muhtasari wa onesho uandikwe kando. Sanaa ya jukwaani ikitenganishwa na tukio lake, kinachohifadhiwa ni karatasi.